Chini ya Vistari Viwili

Bugolobi, siku ya kuamkia safari yako

Wakesho mwanangu,

Mambo ya safari nimeyaandika kwenye karatasi iliyo juu ya jokofu: pasipoti, dawa ya pumu, namba ya simu ya shangazi yako. Sitayarudia hapa. Mtu mzima anayehitaji kukumbushwa na mama yake kubeba sweta anastahili baridi. Barua hii ni ya jambo jingine, na nimeiandika kwa mkono kwa sababu sitaki programu yoyote iiguse kabla haijakufikia. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Jumapili iliyopita, tulipokwisha kula, uliifungua kompyuta yako mezani ili unionyeshe kazi utakayoianza Nairobi. Umepewa sehemu ya programu ya baruapepe inayopokea barua kutoka nje, kuzikagua, na kuamua ipi iingie na ipi ikataliwe. Ulinionyesha majaribio yako. Barua isiyo na mstari wa tarehe, inatupwa. Barua ambayo kichwa chake hakikutenganishwa na mwili kwa mstari mtupu, inatupwa. Nikakuuliza kama mwenye barua ataarifiwa.

“Mama, asiyeweza kufuata kiwango, shida ni yake,” ukasema. “Takataka zake nimtunzie za nini?”

Ukacheka. Mimi sikucheka, nawe ukanitazama kwa mshangao. “Kwani si wewe uliyenifundisha?”

Ni mimi. Ndiyo maana naandika.

Usidhani uzee umenilainisha. Programu nyingi ambazo watu husomea barua zao leo ni aibu kwa waliozitunga, na sioni haya kulisema. Viwango vya barua za mtandao viliandikwa kwa lugha kavu na safi, na watu waliofikiria kila neno. Vinaeleza kichwa cha barua kiwe na nini na mwili uanzie wapi, na jinsi jibu linavyoitaja barua linayoijibu ili mazungumzo yasipotee. Mtu mwenye akili ya kawaida huvisoma kwa siku mbili akavielewa. Wale mabwana watunga programu hawakuzipata hizo siku mbili. Walipata muda wa kubuni kitufe kinachomemeta, lakini hawakupata muda wa kusoma. Kwa hiyo wanatuma barua ileile mara mbili ndani ya bahasha moja, mara ya kwanza ikiwa maneno na mara ya pili ikiwa imevalishwa rangi kama keki ya harusi. Wanabandika jibu juu na kuburuta mazungumzo yote ya miezi sita chini yake. Wanaambatisha faili ambalo hakuna programu nyingine duniani inayoweza kulifungua, kisha humlaumu aliyepokea. Ninawadharau, na dharau hiyo nimeichunguza vizuri nikaona haina kasoro. Hiyo unaweza kuirithi.

Nyingine niliyonayo usiirithi. Hujawahi kuisikia kwa sababu sijawahi kuisema.

Unakumbuka kidogo ile ofisi ya Ntinda, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ulikuwa unakuja ukitoka shule na kulala chini ya meza. Tulikuwa na laini moja ya simu, modemu moja, na kompyuta ambayo leo hata mwizi asingeibeba. Mara tatu kwa siku mashine ile ilipiga simu nje ya nchi, ikamwaga barua zetu na kuchukua zilizotungoja, na mara mbili kati ya hizo tatu laini ilikatika katikati. Mtandao kama unaoujua wewe haukuwapo. Madaktari, wamisionari na wafanyabiashara walipata barua zao kupitia kwetu, na wasio na kompyuta tuliwachapishia barua kwenye karatasi wakaja kuzichukua. Mimi niliandika programu. Kato, fundi wetu wa simu, alihakikisha waya unafika pale unapotakiwa kufika.

Na nilikuwa na mahali pengine pa kuishi, ambapo wewe hukupaona: vikundi vya majadiliano. Hivi vilikuwa mbao za matangazo za dunia nzima. Mtu aliandika jambo, na watu wa nchi zote wakalisoma kwa programu maalumu na kulijibu. Wengine walijadili muziki na siasa. Mimi nilijadili programu zenyewe, ni zipi zinazofuata viwango na ni zipi zinazovikanyaga. Nilijulikana. Mwanamke wa Kitaita, aliyekaa Kampala kwenye laini inayokatika, aliwasahihisha wahandisi wa nchi zenye umeme usiozimika, naye hakukosea. Nilikuwa nikinukuu kifungu, nikataja kosa, nikafunga. Wapo walioacha kuandika kabisa baada ya jibu langu. Niliwahesabu kama ushindi.

Katika vikundi vile palikuwa na desturi niliyoipenda kuliko zote. Saini ya mtu, yaani jina, anwani na maneno yoyote ya kujipamba, hukaa mwisho wa ujumbe, na juu yake hutangulia mstari wenye vistari viwili na nafasi moja, basi. Programu nzuri ya kusomea ikiuona mstari huo inajua kwamba yaliyo chini yake si habari. Inaweza kuyafifiza au kuyaficha, na msomaji akijibu, inayaacha nje. Ona jinsi lilivyo jambo dogo na la adabu: vistari viwili, na nafasi isiyoonekana kwa macho.

Basi barua zetu za Ntinda zilikuwa zimejaa saini. Mtu aliandika mistari mitatu ya habari, kisha kumi na miwili ya vyeo vyake, aya ya Biblia, na picha ya ndege tai iliyochorwa kwa nukta. Laini ilikatika katikati ya tai. Nikakasirika. Nikaandika programu ndogo ya kukata kila kilicho chini ya vistari viwili kabla barua haijachapishwa au kupelekwa mbele. Na kwa kuwa programu nyingi mbovu zilikuwa zikiila ile nafasi ya mwisho, nikaamua kutoitafuta nafasi. Vistari viwili vitupu vilinitosha.

Soma tena sentensi hizo tatu za mwisho. Nilivunja kanuni mbili kwa pumzi moja. Ile desturi ilimhusu msomaji na programu yake ya kusomea. Anayesafirisha barua hakupewa ruhusa hiyo na mtu yeyote. Kazi yake ni kuufikisha mwili wa barua kama ulivyo, hata ukiwa upuuzi mtupu. Tena vistari viwili bila nafasi si alama ya saini. Ni vistari tu. Kama mtu mwingine angefanya hivyo na kujigamba kwenye kikundi, ningemchuna ngozi mbele ya watu.

Kato, ambaye hakuwahi kusoma kiwango hata kimoja, aliliona kosa siku ileile, tukinywa chai.

“Madamu, na kama mutu naandika kitu chini ya ile raini? Wewe nakata balua ya mutu.”

“Kilicho chini ya mstari huo ni saini, Kato. Ndivyo ilivyokubaliwa.”

“Nani nakubali? Mimi sijakubali.”

Ofisi nzima tukacheka, mimi zaidi ya wengine. Vipande vilivyokatwa sikuvifuta. Niliviweka kwenye faili nililoliita Makapi, na saa ya chai nilikuwa nikiwasomea wenzangu vyeo vya watu na matai yao. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani yetu.

Mama Riziki unamjua. Amekusuka nywele tangu huna meno ya mbele. Lakini hujui jinsi tulivyofahamiana. Wakati huo alikuwa mgeni Kampala, ametoka Bukavu na watoto wawili na mafurushi ya vitenge, akauza hapo Kisenyi mlangoni pa duka la Msomali mmoja aliyemhurumia. Mama yake mzazi alibaki kwao. Parokia yao ilikuwa na kompyuta, na karani wao, mzee Byamungu, aliwaandikia watu barua zilizotufikia Ntinda. Mama Riziki alipanda ghorofa ile kila juma kuulizia barua yake.

Siku moja akaja na karatasi nne akazipanga mezani kwangu.

“Jambo, Mama Wakesho. Umeamuka? Mutoto ameamuka muzuri? Na kazi?”

“Salama. Sema.”

“Ba kwetu banatuma salamu tu? Barua ine sasa. Angalia. Banasalimia mimi, banasalimia batoto, banauliza mvua, banauliza magoti yangu. Kisha kwisha. Habari yenyewe iko wapi?”

Nikazipitia. Kweli, zilikuwa salamu za ukurasa mzima, kwa majina, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na barua za hospitali zilizokwama kwenye laini, na mtu huyu ananiletea magoti.

“Mimi nasafirisha kinachotumwa, Mama Riziki. Siwezi kuwatungia watu wako la kusema. Waambie laini ya simu si baraza la kusalimiana.”

Hakukasirika. Alizikusanya karatasi zake taratibu, akaziweka sawa kingo kwa kingo.

“Kwetu mutu hasalimiake bure, mama. Akisalimia hivi, kuko neno nyuma.”

Nilimsimulia baba yako jioni ile kama kichekesho. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa mashine, lakini alinijua. Akasema, “Wewe angekuja malaika Gabrieli na habari, ungemuuliza kwanza mstari wa tarehe uko wapi.” Nilikiona ni kichekesho kizuri. Sikukiona kuwa kinanihusu.

Ikaja barua ya tano. Ilikuwa salamu tena, nami nikamkabidhi bila neno.

Baadaye, sikumbuki yalipita majuma mangapi, Mama Riziki alikuja siku isiyokuwa yake. Hakunisalimu, na kwa hilo peke yake ningepaswa kusimama. Aliketi kwenye benchi la wageni. Alikuwa amekutana Kisenyi na mfanyabiashara aliyetoka kwao, na yule bwana alikuwa amemgombeza mbele ya watu, akimwita mtoto asiye na moyo.

“Anasema mama yangu alinigojea Bunagana,” akasema. “Kwa mupaka. Siku tisa, kwa baraza ya kanisa. Anasema baliniandikia. Mama Wakesho, baliniandikia nini?”

Nilimwambia asubiri. Nikaingia chumba cha ndani, nikafungua Makapi.

Zilikuwa humo zote tano; nilizitambua kwa habari za mama na mpaka. Chini ya kila salamu mzee Byamungu alikuwa amepiga vistari viwili, na chini ya vistari ndipo palipoanza barua. Ya kwanza: mama yako miguu imekataa, anataka kukufuata. Ya pili: tunatafuta gari. Ya tatu: tumepata, atafikishwa mpakani, wewe utaweza kuja? Ya nne: ni juma lijalo siku ya soko, uje umpokee kanisani, waliomleta hawawezi kungoja. Ya tano ilikuwa fupi. Mama yako yuko Bunagana. Anauliza kila gari.

Nilikuwa nimezisoma, Wakesho. Si zote; moja. Ile ya kwanza, habari za miguu, nilikuwa nimeisoma kwa sauti saa ya chai kati ya tai na aya ya Biblia, nikasema, “Na huyu naye anasaini kwa magonjwa.” Watu wakacheka. Jina la Mama Riziki halikuwa kwenye kipande kile, kwa kuwa majina yote yalibaki juu, kwenye salamu. Hilo nimelitumia miaka mingi kama udhuru. Halitoshi hata kuziba tundu la sindano.

Nikazichapisha, nikamletea. Alisoma akifuatisha mistari kwa kidole. Alipomaliza, ni yeye aliyenieleza, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba. Kwao wazee wengi hawasomi, na barua husomwa kwa sauti mbele ya wote waliopo. Salamu ni za wote, ndiyo maana kila nyumba inatajwa. Byamungu akifika mwisho wa salamu hupiga ule mstari ili msomaji ajue anyamaze hapo na wengine watoke. Yaliyo chini ni ya mwenye barua peke yake.

Kwa hiyo mstari wake ulikuwa na maana kinyume kabisa na wangu. Wake ulisema, sasa ndiyo habari. Na alikuwa mwangalifu kuliko mimi, kwani aliufuata utaratibu wake barua baada ya barua bila kukosea hata mara moja.

Mama yake alirudishwa na watu waliokuwa wakirudi. Barabara ikafungwa na vita. Hawakuonana tena.

Lakini hilo silo nililolificha. Nililolificha ni jibu langu. Mama Riziki aliinua macho akauliza, “Zilikuwa wapi?” Nami, mtu wa kutaja kifungu na mstari, nikasema, “Mashine ilizikata. Sasa imezirudisha.” Mashine. Ningemsomea mtu mwingine yeyote hukumu yake hadharani kwa kosa la nafasi moja, na langu mwenyewe nikaipa mashine ilibebe. Naye akanishika mikono akanishukuru. Tangu siku ile ananiita mutu alinitafutia barua. Sombe, yaani kisamvu, anayotuletea kila Krismasi, ambayo wewe hungoja kuliko nyama, ni shukrani ya jambo hilo. Nimeila miaka yote hii, nikimsifia mpishi.

Niliiondoa ile programu siku iliyofuata. Sikueleza. Kato aliniangalia nikiifuta akasema tu, “Eh, Madamu,” akaendelea na waya zake. Vikundi vya majadiliano niliviacha mwaka uleule, na wewe ulidhani nilichoka. Sikuchoka. Nilikuwa nimeanza jibu kwa kijana mmoja ambaye programu yake iliharibu mistari ya nukuu, na katikati ya kifungu cha pili mkono ukakataa.

Jumapili uliposema “takataka zake”, nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, changa, nzuri, yenye uhakika. Kwa hiyo jana nilikwenda Kisenyi.

Mama Riziki ana duka lake sasa, unalijua, na msichana wa kumsaidia. Nilimkuta akikunja vitenge. Nikamsalimu. Nilimsalimu kwa utaratibu wake, nikauliza watoto, kila mmoja kwa jina, mvua, magoti, mume wa Riziki, nyumba ya Bukavu na waliobaki humo. Nilichukua muda mrefu sana, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kukunja polepole, mpaka akaacha. Akamwambia msichana, “Wende ununue chai.” Alikuwa ameelewa kwamba nimefika kwenye mstari.

Nikamwambia yote. Mashine haikukata, mimi nilikata. Nikamwambia na ya saa ya chai.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa kufukuzwa, na, nisamehe, kwa kusamehewa, jambo ambalo ningelichukia kuliko yote. Hakunipa hata kimoja. Alinyoosha kitenge kilichokuwa mapajani kwa viganja vyote viwili, mara mbili tatu. Kisha akaniuliza swali moja.

“Na ya bengine?”

Sikuelewa. Akarudia, kwa subira ileile ya zamani.

“Barua ya bengine. Byamungu hakuandikia mimi peke yangu. Parokia nzima. Ulibapatia?”

Mwanangu, nimefundisha hisabati. Nimewaumbua wahandisi kwa kusahau hali moja katika elfu. Na kwa miaka yote hii, kila nilipolifikiria kosa langu, nililifikiria kama kosa langu na Mama Riziki, kitu cha watu wawili, cha siri, karibu kizuri katika huzuni yake. Haikunijia hata mara moja kuhesabu. Mwanamke anayeuza vitenge alifanya kwa dakika moja ukaguzi ambao mimi sikuufanya.

Leo asubuhi nilimpigia simu Kato, ambaye sasa ana karakana yake ya kompyuta. Nikamuuliza kama ile mashine ya Ntinda iliwahi kutupwa.

“Ile? Iko, Madamu. Mimi naweka terevisheni juu yake.”

“Faili zake zipo?”

“Makapi?”

“Makapi.”

“Mimi nalikwambia, Madamu. Siku ile ya chai.”

“Uliniambia, Kato.”

“Basi kuja kesho. Nashusha terevisheni.”

Basi lako likishaondoka nitakwenda huko. Mama Riziki atakuja pia, maana yeye anayajua majina ya nyumba za kwao na mimi nina vipande visivyo na majina. Wengi watakuwa wamehama au wamekufa. Barua ya kuja kumpokea mtu mpakani haina kazi tena, na sitajidanganya kwamba ina kazi. Lakini ni zao, na mimi nilikuwa msafirishaji.

Kuhusu kazi yako, sikuelekezi. Unaijua kuliko mimi nilivyoijua katika umri wako. Programu yako ikituma, itume kwa ukamilifu usioacha hata nafasi moja, na anayekupa sababu ya kulegeza hapo mdharau kwa niaba yangu. Lakini umepewa upande wa kupokea. Siku utakapoandika mstari wa kutupa, jiulize unavitunza wapi ulivyovitupa, na nani anavisoma, na kama anacheka.

Mama Riziki anakusalimu. Riziki na mumewe wanakusalimu. Kato anakusalimu na kuuliza kama bado unalala chini ya meza. Jirani wa ghorofa ya chini anakusalimu, na mwanawe, na mama mwenye kioski anasema umwage maji kidogo kabla ya kuondoka, sijui kwa nini, lakini nimeahidi kukufikishia.

Mama yako

--

Nyumba itakuwa kimya sana. Usiniandikie kwa sababu una la kusema tu. Nisalimu. Nitasoma mpaka chini.